Kabla hamjaformati, pimeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam aleikum na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalipata kila asubuhi kwa muuza kahawa kabla sijafungua saiba yangu hapa Majengo, na leo na mimi nimeona niandike maana kuna jambo linanikera na naona watu wengi wanaumizwa nalo kimya kimya.

Jambo lenyewe ni kompyuta kuchelewa kuwaka. Najua kuna watakaosema ala, unga umepanda huyu anatuletea habari za kompyuta, lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye saiba tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi za KRA, watu wamejaa mpaka barazani, na mashini ndo kwanza inazungusha kile kiduara chake cha vidoti.

Nna mashini sita. Ile namba tatu ndo tegemeo langu kwa sababu ndo imeshikana na printa, na ilifika pahali ikawa yachukua karibu dakika nane ndo uweze kufungua kitu. Naiwasha, natoka nje nakunywa kahawa tungu vikombe viwili na kashata, nasalimiana na watu, narudi nakuta bado. Wateja wengine wakawa wananipita kwenda kwa jirani, na siwalaumu, mtu ana boda inamngoja.

Nikaita fundi. Simtaji wala duka lake silitaji, hapana haja. Akaitupia jicho moja tu, swali hakuuliza hata moja, akasema, "Mzee, hii dawa yake ni kuformati." Akaformati, yaani akafuta kila kitu na kutia Windows upya. Wiki mbili raha mustarehe, ya tatu ikarudi pale pale. Na mimi kwa ujinga wangu nikamwita tena, akaformati mara ya pili, na hiyo mara ya pili ndo iliyoondoka na mahesabu ya chama cha kina mama wa mtaani, ya miaka miwili, walikuwa wakiniachia faili lao mle kwa kuniamini. Pesa ya fundi nilishaisahau. Lakini kwenda kumweleza Mama mwenyekiti kwamba daftari lao limefutika, Mhariri, hilo sikutakii hata wewe. Alinyamaza, hakunigombeza, na kule kunyamaza ndo kukawa kubaya zaidi. Mara ya tatu fundi akaniambia mashini imezeeka nunua nyengine, na kwa bahati ya ajabu dukani mwake alikuwa nayo moja.

Idd ikanikuta bado sijanunua. Akaja mpwa wangu, yuko chuo anasoma mambo haya haya, nikamlalamikia. Akaniuliza, "Mjomba, yachukua muda gani?" Nkamwambia mrefu. "Mrefu kiasi gani?" Nkamwambia we mwana, mrefu ni mrefu. Akacheka, akatoa simu, akafungua ile saa ya kuhesabu sekunde, akaniambia haya izime kisha iwashe, na kila kinachobadilika kwenye skrini uniambie.

Akaigawanya safari vipande vitatu. Akanambia ni kama mtu atokae Likoni aenda Mtwapa, kuna feri, kuna mjini, halafu kuna barabara ya Malindi, na ukichelewa lazima ujue umecheleweshwa wapi, huwezi kuitukana feri na foleni iko Bamburi. Kipande cha kwanza ni toka ubonyeze kitufe mpaka vile vidoti vya Windows vianze kuzunguka. Cha pili ni toka hapo mpaka ikuulize paswadi. Cha tatu ni toka utie paswadi mpaka ubonyeze kitu na kifunguke kweli, maana wengi wakishaona picha ya mbele wanadhani imeshawaka, kumbe bado iko mbioni ndani kwa ndani.

Yangu ikatoa hivi: kipande cha kwanza sekunde 20, cha pili dakika moja na sekunde 50, cha tatu dakika tano na sekunde 20. Basi. Miezi yote ile hakuna aliyenipimia hilo, na si kazi ya kusomea, ni simu na macho.

Tukaanzia panapouma zaidi, cha tatu. Mpwa akabonyeza Kontroli, Shifti na Eskepu kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, akaenda pahali pameandikwa Startup, na hapo Mhariri ndo nikaona maajabu. Programu 19 zote zimejiandikisha kuamka na mashini bila ruhusa yangu. Kulikuwa na wasaidizi wa printa tatu, na mbili katika hizo nilishaziuza. Kulikuwa na programu ya mikutano ya video, mteja alitumia mara moja kwa intavyuu akaondoka zake, yeye yuko Qatar saa hizi na programu yake bado yaamka kila asubuhi kwangu. Kulikuwa na ya muziki, na ya michezo ambayo naapa sikuitia mimi. Na kulikuwa na antivairasi mbili zinachungana, kila moja inafungua mafaili ya mwenzake kuyakagua, na zote juu ya ile Defender ambayo toka Windows 8 inakuja nayo bure. Ukitia antivairasi ya pembeni Defender yenyewe hujiweka kando, lakini mbili za pembeni hazina adabu hiyo, zinagombana mpaka mashini inachoka.

Kilichonichekesha na kuniuma ni kwamba moja katika hizo 19 ni kile "kisafishaji" alichonitilia fundi ati cha kuifanya mashini iwe nyepesi. Chenyewe kilikuwa kwenye ile safu ya upande, panapoandikwa kila programu ina uzito gani kwenye kuwaka, na chake kimeandikwa High. Yaani umeajiri mfagizi na yeye ndo anamwaga takataka.

Mpwa akazishika moja moja, bonyeza ya kulia, Disable. Nikaingiwa na woga nikadhani anafuta. Akanambia hapana mjomba, hii haifuti kitu, programu iko pale pale, ukiihitaji utaifungua mwenyewe kwa mkono wako, ni vile tu haiamki alfajiri na wewe. Tukabakisha antivairasi moja na sauti, na kama yako ni laptopu viache na vile vya tachipadi. Usichokijua kiache, usije ukazima kitu chenye kazi halafu ukanitukana kwenye barua ya wiki ijayo. Na kwenye brauza mna kijikitu kimejificha ndani ya setingi kinachoiruhusu iendelee kufanya kazi nyuma hata ukishaifunga, hicho pia tukakizima.

Tukapima tena. Kipande cha tatu kutoka dakika tano kikashuka mpaka dakika moja na nusu. Bila kununua kitu, bila kuformati, na chai ilikuwa haijapoa.

Hapa nataka niingize jambo jengine ambalo wengi hawalijui na mimi nlikuwa kati yao. Mkishaambiwa "zima uwashe", mnazima kweli? Toka ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, mashini nyingi huja nacho kimeshawashwa. Ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa sawa, lakini kile kiini cha Windows chenyewe hakifungwi, kinaandikwa kwenye faili ndani ya disiki, lile ghala la mafaili yote ya mashini, na kesho kinasomwa kutoka pale, ndo maana inawaka upesi kidogo. Ni kitu kizuri. Ila maana yake kero yoyote iliyojikusanya jana unalala nayo na unaamka nayo. Restart ndo inayofunga kila kitu na kuanza upya. Mpwa akanionyesha mle mle kwenye Task Manager, upande wa Performance, panapoandikwa Up time, mashini niliyokuwa nikiizima kila magharibi kwa mkono wangu ilikuwa yasema iko macho siku 11! Basi sasa nshaweka desturi, kila Ijumaa kabla sijaenda msikitini nazipiga restati zote, zikitaka kutia apdeti zitie, nikirudi zimeshamaliza.

Turudi kipande cha pili, kile cha dakika moja na sekunde 50. Hapo mpwa akaacha kucheka. Akatia programu ndogo ya bure ya kuangalia afya ya disiki, CrystalDiskInfo, na mahali ambapo pangekuwa na rangi ya buluu na neno Good pakatoka njano na neno Caution. Hadidiski ilikuwa inakufa. Kuna sehemu zake zimeharibika, na mashini ikifika pale inajaribu kusoma, inashindwa, inajaribu tena, inajaribu tena, na wewe huku unaangalia vidoti. Nikamuuliza kwa hivyo kuformati kungesaidia? Akanambia mjomba, hata ukiformati mara mia, hiyo ni kuipaka rangi jahazi iliyotoboka.

Mnaona sasa. Yule fundi aliformati mara mbili disiki iliyokuwa yataka kutolewa, na kuitazama afya yake ni kazi ya dakika mbili. Mimi sidhani alikuwa mwizi. Nadhani hakuangalia tu, amezoea, kila kinachokuja anaformati, kama wale wa zamani kila ugonjwa ni malaria.

Na hizi disiki zetu za Mombasa zina mateso yake. Hadidiski ni sahani inayozunguka, za laptopu nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na kuna kimkono kinaenda huku na huku juu yake kutafuta faili. Sasa stima ikipotea ghafla na ikirudi kwa kishindo, au wewe mwenyewe unazima kwa soketi ukutani kwa sababu una haraka ya kuwahi feri (tunafanya wote, tusidanganyane), kimkono kile kinakatizwa katikati ya kazi. Nilipokuwa nimeweka UPS, ile betri ya kuishika mashini stima ikipotea, kwa mashini mbili tu na nne nikaziacha hivi hivi nilijiona mjanja wa kubana matumizi.

Halafu hata hadidiski iliyo nzima ni nzito kwa kazi hii. Kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika. Ni kama hamali mmoja wa Kongowea na mkokoteni wake, umemtuma nyanya upande huu, vitunguu upande ule, ndizi kule mwisho, na kila safari arudi kwanza ndo aende tena. Vipande vidogo vilivyotawanyika hadidiski inaviokota mia moja hivi kwa sekunde, na SSD, ambayo haina sahani wala kimkono, ni chipu tupu, inaviokota maelfu kwa maelfu. Ndo maana mtu akitia SSD kwenye mashini kuukuu anadhani amebadilishiwa mashini. Processa, ule ubongo wa mashini, ni ile ile, ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile ile, umebadilisha hamali tu.

Tukanunua SSD ya giga 240, na bei yake haikufika hata robo ya ile kompyuta aliyotaka kuniuzia fundi. Kabla ya kugusa kitu chochote mpwa akatoa mafaili yote akayaweka kwenye disiki ya nje, na akanikataza kuifuta mpaka mwezi upite. Kisha akatia Windows upya. Nikauliza na ile leseni? Akanambia leseni ya Windows 10 yako imeshikana na bodi ya mashini, ukiingia intaneti itajitambua yenyewe, na kweli ikajitambua. Kwa wale wanaonunua, angalieni tu msije mkauziwa zile za mtandaoni zinazodai tera 16 kwa bei ya mahamri na mbaazi, hizo ni uongo, zinaonyesha nambari kubwa lakini ukizijaza mafaili yako yanapotea. Na ukishakuwa na SSD usiifanyie ile kazi ya zamani ya kupanga disiki, ile ilikuwa kwa ajili ya kile kimkono, na hapa hakuna kimkono.

Namba tatu sasa, toka kitufe mpaka nifungue ukurasa, sekunde arubaini na kidogo.

Kipande cha kwanza kwa wengi hakina neno, lakini mashini namba tano ndo ilikuwa inakwama pale. Kila asubuhi skrini nyeusi, maandishi meupe, yataka ubonyeze F1 ndo iendelee. Ilikuwa ni ile betri ndogo mfano wa sarafu ndani ya bodi, CR2032, imekufa, kwa hivyo mashini ikichomolewa ukutani inasahau tarehe na mipango yake yote. Na hili lina utamu wake: nilikuwa na wateja wananilalamikia ati eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, haifunguki kwangu, hata tovuti ya benki yatoa onyo kwamba si salama, nikawa natukana intaneti, kumbe saa ya mashini imerudi 2015 na vyeti vya usalama vya tovuti vinaangalia tarehe. Nikabadilisha betri, mambo mawili yakapona kwa siku moja. Flashi pia msiziache zimechomekwa usiku, mashini nyengine huanza kuzikagua hizo kwanza.

Ramu nitaigusa tu. Giga 4 ndo kima cha chini kabisa cha Windows 11 kwa mujibu wa wenyewe Microsoft, na ukifungua brauza na kurasa kumi zimeisha, mashini inaanza kuitumia disiki kama ramu. Ukiweza fika 8. Ila ramu ni za aina aina, DDR3 na DDR4 haziingiliani, mwendee muuzaji na ile kongwe mkononi. Na joto: ikifika kaskazi, Januari mpaka Machi, chumba changu ni tanuri, na processa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Feni imejaa vumbi na hii hewa yetu ya chumvi, ifungueni hata mara mbili kwa mwaka muipulize, nje barazani, si ndani mbele ya wateja kama nlivyofanya mimi.

Sasa kuna biashara nyengine imezuka ya kutisha watu. Windows 10 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, ni kweli, na kwa watu wa kawaida waliojiandikisha zilitangazwa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026. Mashini nyingi zetu hizi, za mitumba kutoka Ulaya na Dubai, hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu hazina ile chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 au processa zao ni za zamani. Hilo ni suala la usalama na ni la kufikiria kweli, haswa kwa sisi tunaoshika mambo ya watu ya kodi na vitambulisho. Lakini mtu asije akakwambia mashini yako imekuwa nzito kwa sababu tarehe imepita. Tarehe haifanyi kompyuta kuchelewa kuwaka. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya aidha hajui au ana kitu cha kukuuzia.

Ombi langu kwa mafundi wetu, na wengi ni vijana wazuri wanatafuta riziki, ni dogo. Pimeni mbele ya mteja kabla, na mpime mbele yake baada. Mteja na yeye asilipe mpaka aonyeshwe afya ya disiki na aulizwe mafaili yake yako wapi. Fundi anayesema kuformati kabla hajaketi kwenye kiti, mpe chai arudi kwao. Na nyinyi Mhariri, kurasa zenu za Jumamosi zina nafasi ya simu mpya kila wiki, tupeni na sisi wa mashini kuukuu japo safu moja.

Baada ya yangu kupona, ustadhi wa madrasa ya jirani akaniambia wao wana kompyuta nne za msaada, ziko stoo mwaka mzima kwa sababu "zimekufa". Tukaenda na mpwa na simu yake ya kuhesabu. Mbili ilikuwa ni zile programu tu za kuamka. Moja ilitaka disiki, watu wakachanga. Ya nne ina ramu ya giga moja na haina pa kuongeza, tumeiacha watoto wajifunzie kutaipu, nayo bado yachukua dakika sita, kwa hivyo ustadhi anaibonyeza akienda kuadhini alasiri, wakishaswali wanaikuta inawangoja.

Wenu msomaji,
Mwenye saiba, Majengo, Mombasa